Kaka, umeshamuuliza mkeo?

Kaka, umesema kila jioni unapiga supu ya pweza, na sasa unachanganya vumbi la Kongo na vidonge vya nguvu za kiume, kwa sababu vijana wa kijiweni wanadai asiyefika nusu saa kitandani si rijali. Pole sana, wanakudanganya. Utafiti uliochapishwa 2005, wenza wa nchi 5 wakijipima kwa saa, ulikuta nusu ya wanaume hawafiki hata dakika 6.

Pweza kula tu, ni kitoweo. Vidonge bila cheti cha daktari ndivyo vinavyonitisha: sildenafil, dawa iliyomo kwenye vidonge kama Viagra, ikikutana na dawa za moyo zenye nitrati, presha hushuka ghafla na mtu anaweza kufa. Na nguvu zikipungua kweli, huenda ni sukari au presha. Kapime.

Lakini katika maelezo yako yote mkeo hayumo, isipokuwa pale uliposema siku hizi anageukia ukutani. Huenda anaumia. Wangu aliniambia hivyo tukichambua mchele, mwaka wa tatu wa ndoa, nikaona aibu kwamba sikuwahi kumuuliza. Muulize wako leo, mkiwa mmekaa, kabla ya kitanda. Akisema hataki, usimlazimishe wala usimnunie.