Pedri: Las Palmas au Barcelona mwaka 2019?

Habari ndugu. Umeuliza inakuwaje Pedri, kiungo wa soka wa Hispania, asajiliwe na Barcelona mwaka 2019 ilhali takwimu za msimu ule zinamwonyesha Las Palmas, klabu ya Visiwa vya Kanari. Nami nilikwama hapo nilipokuwa nikipanga orodha ya mechi zake, hadi nilipotenganisha tarehe ya makubaliano na ile ya kuhama. Anza na hizo. Klabu hizo zilikubaliana Septemba 2019 kwa euro milioni 5, lakini kijana huyo wa Tegueste, kisiwani Tenerife katika visiwa hivyo, aliachwa amalize msimu katika daraja la pili, alikoanza Agosti dhidi ya Huesca akiwa na miaka 16 tu. Mechi yake ya kwanza Barcelona ilikuwa dhidi ya Villarreal, Septemba 27, 2020, akitokea benchi. Tafadhali usimwandike kuwa zao la La Masia, akademi ya vijana ya Barcelona, maana makocha wa Visiwa vya Kanari ndio waliomlea.