Kushona mfarishi wa safari: vipande 168 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma

Niliposhuka Kigoma baada ya usiku mbili katika treni ya Reli ya Kati, nilikuwa na picha zaidi ya 200 kwenye simu na hamu kubwa ya kuishona safari ile yote katika mfarishi mmoja wa kitandani. Kazi ilinichukua miezi 5, na mwezi wa kwanza ulipotea bure kwa sababu nilianzia kwenye picha. Nilikata vitambaa kwa umbo la behewa, la mbuyu na la mtumbwi, nikavipanga sakafuni, na nilichokiona kilifanana na bango la matangazo kuliko safari niliyoipenda. Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba uiweke simu kando, uchukue karatasi, na uandike rangi zilizokubaki kichwani kwa mfuatano ule ule uliozipitia njiani.

Zangu zilikuwa chache. Tuliondoka Dar es Salaam jioni na Morogoro tukaipita gizani, kwa hiyo mfarishi wangu unaanza na safu 2 za kaniki. Zinafuata safu 4 za wekundu wa udongo wa Dodoma, kisha safu 3 za rangi ya asali. Hizi ninazipenda kupita zote, kwa kuwa najua hasa zilikotoka: karibu na Tabora, jua likizama, mama mmoja aliinua chupa ya asali hadi dirishani kwangu akasema, "Onja kwanza, mwanangu," na mwanga ukapenya katika ile chupa hadi mkono wake wote ukawa na rangi ya dhahabu. Baada ya hapo ni usiku tena, safu 2 za kaniki, halafu safu 1 nyeupe ya merikani kwa ajili ya Uvinza, mji wa chumvi, na safu 2 za buluu ya Ziwa Tanganyika, ambazo ndani yake niliingiza vipande vya kijivu kinachong'aa, kama dagaa walioanikwa ufukweni Kibirizi.

Safu hizo 14, kila moja ikiwa na vipande 12 vya mraba vilivyokatwa inchi 6, zinatosha kitanda cha futi 4 kwa 6 na kuning'inia kidogo pembeni. Mshono uwe robo inchi kutoka ukingoni, wala usibadilike. Ukizidisha milimita 3 tu kila upande wa kipande, safu nzima inapungua sentimita 7 hivi na haitalingana na jirani yake. Mimi nilibandika utepe kwenye bamba la cherehani ili ukingo wa kitambaa uufuate.

Kuhusu kufua, tafadhali usinifuate nilivyofanya. Kitenge chekundu nilikikata kikiwa kipya, bila kukifua, kwa haraka ya kutaka kuona kazi ikikua. Siku niliyonyunyizia maji ili nipige pasi, niliukunja mfarishi ukiwa bado na unyevu, na asubuhi nikakuta wekundu wa Dodoma umehamia kwenye weupe wa Uvinza. Nilifumua safu nzima kwa wembe, mshono kwa mshono, na nililia. Fua kila kitambaa peke yake mpaka maji yatoke safi, kianike, kipige pasi, ndipo ushike mkasi. Pamba hurudi ikifuliwa, na ni heri irudi kabla ya kupimwa.

Kwa tabaka la kati nilitumia blanketi la pamba lililochakaa, jepesi na linalopitisha sindano kwa urahisi, na chini nikaweka bitana ya rangi moja. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, tabaka zote tatu kuanzia katikati kwenda pembeni, usiache nafasi inayozidi kiganja, la sivyo bitana itajikunja mahali usipopaona. Mishono ya kushikanisha niliipiga kwa mkono, mistari miwili miwili sambamba kama reli, kutoka kaniki ya kwanza hadi ziwani, na ukingo nikauzungushia mkanda wa kitenge nilichonunua sokoni Kigoma. Hadi leo naufua kwa maji baridi na kuuanika kivulini, ukiwa umetandazwa, kwa sababu ile nyekundu bado siiamini.