Jibu: Onyo la mteremko kwenye kipimo cha pH

Ndugu, umeeleza kwamba kipimo chako cha pH, yaani cha uasidi au ualkali wa maji, kinatoa onyo la mteremko (badiliko la milivolti kwa kila pH moja) kila unapokisawazisha kwa bafa, yaani myeyusho wenye pH inayojulikana, za 4 na 7, na kwamba maji ya Ziwa Kivu unayochota hapo Goma yanakupa namba zisizotulia. Kabla ya kununua elektrodi mpya (kijiti cha kioo kinachotumbukizwa majini), ambayo ni ghali, nakuomba usome milivolti badala ya pH. Katika bafa ya 7, elektrodi isiyo na kasoro hutoa karibu sifuri, na kupotoka hadi 30 juu au chini kunavumilika. Kutoka 7 hadi 4, tofauti inapaswa kukaribia milivolti 177 kwenye nyuzijoto 25. Ikipungua sana, shuku kwanza bafa zenyewe, hasa chupa iliyoachwa wazi, kisha kioo cha elektrodi kilichochafuka au kukauka. Kisafishe, uiloweke elektrodi usiku kucha katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa moli 3 kwa lita, wala usiihifadhi kamwe katika maji yaliyokenekwa.

Lililo zito zaidi kwangu ni hili: maji ya juu ya Kivu yana pH inayokaribia 9, kwa hiyo bafa zako hazifiki huko. Tumia 7 na 10, na uifunge ya 10 mara moja, maana hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kushuka. Usahihi huu si anasa, kwani kwenye pH 9 klorini inayotiwa majini kuua vijidudu karibu yote huwa hipokloriti, umbo lake lililo dhaifu katika kazi hiyo, na watu wanayanywa maji hayo. Tafadhali tuandikie milivolti utakazozipata.