Busu Mbele ya Kamera

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hupiga picha za wachumba na maharusi. Kila ninapowaomba wabusiane, picha hutoka baridi: pua zimebanana, midomo imefinywa, na watu waliokuwa wakitazamana kwa mahaba muda mfupi uliopita huonekana kama wanaotekeleza amri. Je, nibadilishe lenzi au namna ya kuwaelekeza? Tena, inafaa kumpiga picha anayebusu bila yeye kujua?

JIBU: Ndugu msomaji, lenzi yako haina kosa. Midomo ikishagusana, nyuso huzibana na macho hufumbwa, hivi kwamba kile ambacho mtazamaji alitamani kukiona kinafichika. Shauku huonekana zaidi kabla ya hapo, wakati nafasi iliyobaki kati ya midomo haizidi upana wa kidole, na tena mara tu baada yake, wapenzi wanapoachiana huku macho yakiwa bado hayajafumbuka. Kwa hiyo waombe wasogeleane polepole na kusita kabla ya kugusana, nawe uanze kupiga mapema na usiache hadi wameachana kabisa. Wengi watacheka, piga hata hicho kicheko.

Itazame pia mikono, ambayo kwa maoni yangu husema kweli kuliko midomo. Kiganja kilichotulia shavuni, au vidole vilivyoukunja mgongo wa shati, huonyesha matamanio ambayo busu peke yake haliwezi kuyaonyesha, ilhali mikono inayoning'inia tu hukanusha kila kitu.

Kuhusu vifaa, lenzi ya milimita 85, ambayo huvuta sura karibu, hukuwezesha kukaa mbali kidogo ili wasahau kwamba upo. Simama ubavuni mwao, mwanga ukitokea nyuma yao ili uchore mipaka ya nyuso, na usifungue kupita kiasi tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kwa maana uso mmoja utaonekana wazi na wa pili utakuwa na ukungu.

Wala usidhani kwamba kuelekeza ndiko kunakoua hisia. Picha maarufu ya mpiga picha Mfaransa Robert Doisneau ya mwaka 1950, inayoonyesha vijana wawili wakibusiana mbele ya ukumbi wa jiji la Paris, ilipangwa, jambo ambalo umma ulilijua miongo kadhaa baadaye. Lakini vijana wale walikuwa wapenzi kweli, na mpiga picha aliwaomba warudie jambo walilokwisha kulifanya kwa hiari yao.

Linganisha na picha ya mpiga picha Alfred Eisenstaedt ya Agosti 14, 1945, ya baharia akimbusu mwanamke katika Times Square, New York, siku ya shangwe za kumalizika kwa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa miaka mingi ilisifiwa kama picha ya mahaba, hadi Greta Zimmer Friedman, ambaye wengi wanaamini ndiye mwanamke yule, alipoeleza kwamba hakuchagua kubusiwa. Ukishalijua hilo, huwezi tena kuutazama mkono wa baharia yule uliomshika mwanamke kama zamani.

Sheria za kupiga picha hadharani hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini busu ni jambo la faragha hata likifanyika barabarani. Ukilinasa bila wahusika kujua, waendee, waonyeshe, na ufute wakikataa. Kwa maharusi wako, kumbuka kwamba ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kutangaza. Andikeni katika mkataba ni picha zipi utakazoruhusiwa kuzionyesha wateja wengine.