Utafiti wa Afya ya Akili Uanze na Anayepanga Bajeti

Wiki iliyopita dada mmoja wa shahada ya uzamili aliniandikia kutoka Bagamoyo: "Utafiti wangu wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kwa wajawazito unakaribia kuisha. Nimpelekee nani ili sera itekelezwe?" Mdogo wangu, mtu huyo ni wa kukaa naye kabla hujaandika hata swali la kwanza. Lakini hujachelewa.

Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008, na huduma hii kuingizwa zahanatini ilijaribiwa Morogoro na Kilimanjaro tangu miaka ya 1980. Hapa Tanga, nilipopeleka wazo la utafiti wetu kwenye ofisi moja, ofisa alifunga faili akasema, "Wendawazimu wana Lutindi," yaani hospitali ya wagonjwa wa akili iliyopo mkoani kwetu. Maneno yale yananichoma hadi leo. Wagonjwa niliowasemea walikuwa kwenye foleni ya zahanati: mama asiyepata usingizi, kijana ambaye moyo unamwenda mbio, mzee anayelalamika mwili mzima unawaka moto. Wanapimwa malaria, wanapewa Panadol, wanarudi tena. Kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, shida yao haionekani, na isiyoonekana humo haiagiziwi dawa.

Tukaenda kwa mganga mfawidhi, msimamizi wa zahanati. Muuguzi wake ndiye aliyewauliza wagonjwa dodoso la maswali tisa la sonona, sisi tukasikiliza. Jambo moja sikulilegeza: swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Asiliulize mtu yeyote kabla hamjakubaliana nani atampokea atakayejibu ndiyo, siku hiyo hiyo. Kumwacha mtu aondoke na jibu hilo peke yake ni ukatili.

Tulikaa na waganga wa jadi pia. Wapo wenzetu waliotucheka kwa hilo. Wausome utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2003: sonona, wasiwasi na matatizo ya aina hiyo yalikutwa kwa asilimia 48 ya wateja wa waganga wa jadi, na asilimia 24 ya wagonjwa wa kliniki.

Mwaka huu halmashauri tuliyofanya nayo kazi imeingiza amitriptyline, dawa ya sonona, na mafunzo ya wauguzi kwenye mpango wake wa afya. Nililia kwa furaha. Ripoti yetu nene hata haikufunguliwa. Yule muuguzi alisimama mbele ya timu ya afya akawaeleza habari za wagonjwa wake, nami nikanyamaza.

Watafiti wenzangu, tuache kuwafanya watu wetu ngazi ya kupandia vyeti. Anayekujibu maswali akilia ana haki ya kuona dawa dirishani.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mpango wa halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Basi mdogo wangu, omba nafasi kwa mganga mkuu wa wilaya kabla Desemba haijaisha. Nenda na ukurasa mmoja, nenda na mkunga wa kliniki ulikochukulia takwimu, na mtaje dawa gani, mafunzo ya nani, shilingi ngapi.