Wimbo wa kuingilia kanisani

Mwanangu,

Barua yako imefika. Mama yako mdogo anakusalimu, usinune.

Umeniuliza kama nitawapigia ile Kanoni ya Pachelbel, mtunzi Mjerumani wa kale, mkiingia kanisani Desemba, na kama ni kweli ilitungwa kwa ajili ya harusi. Wapo wanaodhani ilipigwa mjini Ohrdruf, Ujerumani, mwaka 1694, mwanafunzi wake Johann Christoph Bach alipooa, kwa kuwa mwalimu alihudhuria. Ushahidi hakuna. Ilichapishwa 1919, naye Paillard, kiongozi wa okestra Mfaransa, alipoirekodi 1968 ndipo kila bibi harusi akaitaka. Wewe si wa kwanza.

Pachelbel alikuwa mpiga kinanda hasa. Kanisa la Predigerkirche, Erfurt, lilimwajiri 1678, na mkataba ukamtaka kila Sikukuu ya Yohana Mbatizaji apige nusu saa nzima, watu wasikie kama mkono wake umekua. Niliwasimulia wazee wa usharika habari hiyo. Wakadhani naomba posho iongezwe.

Lakini mimi nikilisikia jina lake nakumbuka tauni. Alimwoa Barbara 1681. Mwaka 1683 tauni ikamchukua Barbara na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo akachapisha tenzi za mauti alizozipamba kwa kinanda. Mwaka uliofuata, Agosti, akamwoa Judith, binti wa fundi wa shaba.

Sisi ilikuwa miezi kumi na minne tangu mama yako afariki. Nimeihesabu, na shangazi zako waliihesabu pia, tena kwa sauti.

Unaikumbuka Jumapili ile tulipofunga ndoa. Mpiga kinanda mwingine hakuwepo, ikabidi nitoke madhabahuni na koti langu la harusi nikakanyage kinanda mwenyewe. Watoto wa Sunday school wakasimama kuimba. Nilikuwa nakuona kwenye kile kioo kidogo cha juu ya kinanda. Hukufungua mdomo. Nikarudia ubeti wa mwisho, nikisema moyoni labda sasa ataingia. Nikaurudia tena, mchungaji akaanza kunitazama. Hukuingia.

Sikukuuliza siku ile, wala sikuulizi leo. Au pengine ndilo ninalokuuliza, sijui. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na marehemu mama yako ndiye aliyekufundisha wimbo ule. Ningekuwa wewe nisingeimba. Lakini mimi sikuwa wewe. Nilikuwa na watoto watatu na uji unaoungua kila asubuhi.

Nimewaambia tangu wadogo: wimbo hubebwa na sauti ya nne. Isikilize hiyo Kanoni. Violini tatu zinafukuzana juu, kila mtu anazisifia, na chini besi anasema do, so, la, mi, fa, do, fa, so. Noti nane, mara 28, habadilishi kitu. Mnyamazishe yeye uone. Miaka yote nilijihesabu kuwa mimi ndiye besi wa nyumba yetu. Kumbe besi ni huyu aliyekusuka nywele kila Jumamosi hadi ukaenda bweni, nawe hukumwita kwa jina lolote.

Je, Pachelbel aliharakisha? Judith alimzalia watoto saba. Wawili wa kiume wakawa wapiga kinanda, na Amalia akawa mchoraji. Hilo halimrudishi Barbara, najua. Ulimi unaniwasha, ila sitamhukumu mtu wa Erfurt ili nijisafishe mimi.

Basi, nitapiga. Tatizo ni kwamba vidole vyangu vya kushoto vimekakamaa, na violini tatu kwa mkono mmoja zinanitosha. Noti zile nane mama yako mdogo amekwisha kuzishika. Tumekuwa tukifanya mazoezi jioni baada ya kukamua ng'ombe, naye hupiga huku anahesabu kwa midomo. Niandikie mapema: akae nami kwenye benchi la kinanda, au akae mbele, kwenye kiti cha mama wa bibi harusi?

Baba yako