Shangazi, nimechoka magofu, nikate tiketi nirudi peke yangu?

Barua ilikuwa ndefu nimeipunguza:

"Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu ni Watanzania tunaishi Ohio, ndoa ina miaka mitatu. Tuliweka akiba ya safari ya wiki tano, mabegi mgongoni, Meksiko, Belize, Guatemala mpaka Honduras. Leo siku ya 18, tumeshaona magofu saba ya Wamaya na kesho ni Tikal. Mawe mawe mawe, na watu wenyewe walishakufa zamani! Kule Belize nilisukwa nywele na mama mmoja wa Kigarifuna dola 40 za kwao, mume akaandika kwenye daftari lake la bajeti 'si lazima'. Nikimwambia nimechoka anasema ulikubali mwenyewe. Sasa hivi saa nane usiku, tuko hosteli hapa Flores, Guatemala, yeye anakoroma, mi naangalia tiketi kwenye simu. Nikate?"

Marahaba mwanangu. Kwanza zima hiyo simu, saa nane usiku mtu hanunui hata ndala sembuse tiketi ya kumwacha mume nchi ya watu. Pili nilicheka nilipofika kwenye "si lazima", nisamehe, alafu nikasoma tena nikaacha kucheka.

Maana umenitajia magofu saba na hata moja hujanielezea, Chichén Itzá umeipitia kama kituo cha daladala, ila yule mama aliyekusuka umemwandikia ukurasa mzima, mpaka kwamba alikupa hudut, samaki wa nazi na ndizi za kutwanga, ukalia mbele ya watu. Hao Wagarifuna wana damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibiani, Waingereza waliwafukuza St Vincent mwaka 1797 wakaenda kuwatupa kisiwa cha Roatán, ndo wakasambaa pwani yote hiyo, na samaki bado wanapika kwa tui. Sasa mtu umekaa na baridi ya Ohio miaka yote hiyo, unakutana na tui ugenini, vidole vya mama mtu mzima kichwani, na mwenzio yuko mlangoni anakuonyesha saa eti basi linaondoka. Hata mimi ningelia.

Lakini mumeo nae nimsemee kidogo. Tikal si kitu cha kumnyima mtu, Hekalu la Nne peke yake lina kama mita 65, unapanda ngazi za mbao mpaka juu, alfajiri ukungu umelala juu ya msitu, na wale tumbili wa kule wananguruma kama simba. Mtu anayeota hilo tangu sekondari akilikazania usimshangae. Na wewe umeandika mwenyewe, "nilimwambia wewe panga tu, mi huko sijui". Hapo ulikosea mama. Ukamwachia kila kitu, ratiba, pesa, basi la saa ngapi, yeye akajaza anachopenda, na sasa unatembea nyuma yake kama begi la pili. Mi na marehemu mume wangu tulipanda TAZARA kwenda Mbeya akaninunia kuanzia Ifakara mpaka Makambako kisa kuku niliyenunua dirishani, eti haikuwa kwenye hesabu. Nilimla yule kuku peke yangu. Usifanye hivyo, tulifika Mbeya wote tumevimba.

Kesho mwache aende Tikal peke yake, bila kununa, mwambie baba nenda mi napumzika. Wewe lala. Flores ni kisiwa kidogo, unakizunguka kwa miguu, kaa hapo ziwani unywe kahawa. Akirudi mwache aoge, ale, ashibe kabisa, ndo umwambie zimebaki siku 16, nataka saba ziwe zangu, nitapanga mimi, na hizo siku daftari linakaa kwenye begi. Basi, usimrudishie ya magofu ya Uxmal wala ya Caracol.

Na siku zako ukazitumie vizuri, maana hapo kwenye "walishakufa zamani" umepotoka. Miji ile ya msituni mingi ilihamwa karne ya 9, watu hawakuisha, Guatemala wako mamilioni, Wak'iche', Wakaqchikel, Waq'eqchi', na wanaongea lugha zao. Nenda Chichicastenango, siku za soko ni Alhamisi na Jumapili, utaona akina mama na blauzi zao za kufuma wanaziita huipil, anayejua akiangalia tu mapambo anajua huyu ametoka kijiji gani. Alafu ziwa Atitlán, San Juan La Laguna, kuna vikundi vya wanawake wanapaka nyuzi rangi za majani na magome, wanakuelekeza hatua kwa hatua. Wewe ni mtu wa watu, kaa nao. Mumeo akae pembeni ashike mkoba, hao ndo Wamaya haohao anaowatafuta. Magofu ya Copán kule Honduras mwachie, ile ngazi yake ina alama za maandishi zaidi ya 2,000, ukimkatalia hiyo atakukumbusha mpaka uzeeni.

Kutoka hapo Flores kwenda Guatemala City basi la usiku linachukua kama masaa tisa kumi, ndege kama lisaa limoja. Pandeni ndege. Bei imezidi ndio, iandike wewe mwenyewe kwenye daftari, kwa mkono wako.

Kitu kimoja hujaniambia: pasipoti yako na kadi ya benki viko kwa nani? Kama viko kwake, kesho kabla hajatoka chukua vyako ukae navyo, taratibu tu. Na kama kwenye hayo mazungumzo atakutukana, au akunyime pasipoti, au akunyooshee mkono, hapo sina ushauri wa siku saba tena, panda ndege ya mchana, mpigie dada yako, nenda nyumbani.

Alafu hilo begi, kilo 14 umebeba nini? Umesema kuna taulo mbili za bafu na viatu vya kisigino. Viatu vya kisigino msituni mwanangu! Gawa hapohapo hosteli asubuhi.